Damu ya Paka Imenivunjia Uchumba

Mpendwa Mama Brigitte, naomba msaada wako, na kabla hujaniita mpumbavu ujue nimeshajiita hivyo mwenyewe tangu Jumapili, maana mimi Floribert, fundi wa friji hapa Kampemba, mwanaume wa miaka thelathini na minne, nimepoteza mchumba kwa sababu ya damu ya paka, tena paka ambaye si wangu.

Mchumba wangu anaitwa Lydie, kwao ni Bel-Air, na wazazi wangu walishaenda kugonga mlango wakapokelewa vizuri kabisa. Lydie ana paka wa manyoya marefu, Duchesse, aliyeletwa na shangazi yake kutoka Ubelgiji, walikuja wawili wa tumbo moja, mmoja akapewa Lydie na mwingine akapewa Jean-Claude, mtoto wa rafiki wa familia, yule anayepitisha mizigo ya malori mpakani Kasumbalesa na ambaye Mama Marceline, mama yake Lydie, hawezi kumtaja bila kutabasamu. Basi Jumamosi jioni Duchesse akang'atwa na mbwa wa jirani, akatokwa na damu mpaka ufizi ukawa mweupe kama karatasi, na Docteur Chama, daktari wa wanyama, akasema lazima aongezewe damu ya paka mwenzake, mkubwa, mwenye afya, aliyechanjwa. Lydie analia, mama yake anapiga ishara ya msalaba, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe, "Mi niko na paka moja munene sana."

Mama Brigitte, sina paka. Hata panya sina. Lakini Mama Victorine, mwenye lupango, ua wenye nyumba tunamopanga, ana paka dume wa kilo sita anayeitwa Général, basi Jumapili asubuhi nikangoja Mama Victorine aende misa, nikamvuta Général kwa kichwa cha samaki, nikamtia kikapuni, nikapanda naye pikipiki huku ananikwaruza kupitia matundu ya kikapu mpaka kwa Docteur Chama, ambako Lydie na mama yake walikuwa wanangoja, na daktari aliponiuliza kama amechanjwa nikajibu ndiyo, zote.

Daktari akamnyoa shingoni upana wa vidole vitatu, akavuta damu kidogo, akaitia kwenye kadi ya kupimia, na mimi kwa kutaka Lydie aone kwamba ni mtu wa vitendo nikapaza sauti, "Docteur, damu iko damu! Tia tu, huyu eko anakufa!" Akanitazama kama mtu anayetazama friji isiyofaa kutengenezwa. "Hapana. Imbwa, mara ya kwanza, mingi banavumilia hata damu ya kundi lingine, mara ya pili njo iko hatari. Lakini paka anakuwaka na kinga ndani yake tangu mutoto. Ukikosea mara ya kwanza tu, unamuua." Kadi ikaonyesha Général ni kundi A na Duchesse ni kundi B, kisha daktari akachanganya matone yao juu ya kioo ili tuone, damu ikagandana vipandevipande kama maziwa yaliyochacha. Mama Marceline akatazama kioo, akanitazama mimi, akamwambia binti yake, "Unaona? Damu ya kwake inakatala damu ya kwetu."

Wakampigia simu Jean-Claude, mchana huohuo akafika kutoka Kasumbalesa na paka wake mapajani, paka huyo naye akapimwa, akaonekana ni kundi B, wakachanganya tena kwenye kioo, damu ikatulia laini kama divai, Duchesse akaongezewa. Kesho yake Duchesse alikuwa anakula nyama, na Mama Marceline akawatumia wazazi wangu ujumbe kwamba mambo ya ndoa yasimame, kwa sababu damu imeshachagua.

Na si hayo tu. Mama Victorine ameona Général amenyolewa, anasema ni kazi ya mulozi, mchawi, na anamshuku mpangaji mwenzetu, mzee Katongo, fundi cherehani, kwa kuwa huwa anaongea peke yake akipima vitambaa. Amempa mpaka Jumapili ahame. Jana mzee alikuwa anafunga cherehani yake kwa kamba, nami nikamsaidia kuvuta fundo, Mama Brigitte, na sikusema neno.

Nikisema Général si wangu, ile ishara ya damu inaanguka, kwa sababu paka aliyekataliwa hanihusu, lakini Lydie atajua mimi ni mwizi na mwongo. Nikinyamaza, Jean-Claude anaoa. Nifanyeje?

Floribert, Kampemba

MAMA BRIGITTE ANAJIBU

Floribert, barua yako ilinifikia Jumatano na sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia simu nikakuambia uache habari za uchumba na uende kwa Mama Victorine saa ileile. Mchumba anaweza kungoja. Mtu anayeitwa mulozi kwa uongo hawezi, na katika mji huu sote tunajua neno hilo linaweza kumfikisha wapi mzee asiye na ndugu karibu.

Wasomaji wajue kwamba ulienda. Wajue pia kwamba ulikaa kwake robo saa nzima ukijifanya unasikiliza mlio wa friji yake. Ulipokiri hatimaye, alikupiga kandambili ya bega, moja tu, kisha akakuvuta mkono mpaka mbele ya wapangaji wote, ukapiga magoti kwa mzee Katongo. Umeniambia alichokujibu, nami nimekiandika: "Mwana, nguo ikipasuka minaishona. Jina yangu ikipasuka, nani ataishona?" Mama Victorine naye amemwomba msamaha, na mzee amekubali kubaki. Kile kimya chako ukiwa umeshika kamba ndicho kosa lako kubwa, kuliko la paka. Sitakupa pole kwa hilo.

Sasa damu. Nilimuuliza Docteur Chama, kwa kuwa mimi si daktari, na naona wewe pia si daktari. Anasema paka wa kundi B akipewa damu ya kundi A, hata kidogo, anaweza kufa papo hapo. Kwa hiyo kama angekusikiliza, ungemuua Duchesse mikononi mwa Lydie, huku ukingoja ushukuriwe. Tena ulimhakikishia chanjo za paka ambaye hujui hata analala wapi! Anayetoa damu anaweza kupitisha ugonjwa wake pia. Enyi wenye mbwa na paka, siku daktari akiwauliza, jibuni mnachokijua, na msichokijua semeni hamkijui.

Kuhusu Mama Marceline, namheshimu, lakini hesabu yake haijafika mwisho. Damu ya wale paka ilipatana kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Basi kama damu ya paka ndiyo inayosema juu ya watu, Jean-Claude ni kaka yake Lydie, na kaka haoi dada. Mama, nakuomba uchague: ama uvunje ndoa zote mbili, ama umwachie paka damu yake.

Hata hivyo, Floribert, usiende Bel-Air na hoja hiyo. Ni yangu, na wewe huna haki ya kushinda kwa werevu wiki hii. Nenda Jumamosi mchana, umevaa vizuri, pamoja na Mama Victorine kama atakubali kukusindikiza. Anza na Docteur Chama, umwambie ukweli kuhusu chanjo, maana damu ya Général ilipita kwenye vyombo vyake. Kisha Lydie. Usimwambie ulifanya kwa mapenzi, hatakuamini na mimi sikuamini. Mwambie uliogopa kuonekana mikono mitupu mbele ya mama yake. Mwambie pia habari za mzee Katongo, yote, hata lile fundo. Halafu ufunge mdomo wako ambao huwa unasema wenyewe, ukae, na umwache msichana aulize maswali yake mpaka yaishe. Jibu lolote atakalotoa, lichukue jinsi lilivyo, umshukuru, urudi nyumbani.