Paa Aliyefia Majini

Jumamosi, 5 Novemba 2005

Nimesafisha bunduki, nimenoa kisu, nimejaza chupa mbili za chai. Yusuf kanipitia hapa Lewisham alfajiri, Salma kalala kiti cha nyuma. Saa moja asubuhi tuko shambani, Kent.

Tangu mwaka tisini na mbili nafundisha vijana wetu kuwinda paa. Waingereza wana majina chungu nzima ya wanyama hawa. Sisi Wapemba tumewaita paa, basi. Nilianza na Hamadi, rafiki yangu tangu tunapigwa na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani. Hamadi hayupo. Kafariki mwezi huu wa Ramadhani uliopita. Wanafunzi wamebaki wawili: Yusuf, ambaye mdomo wake haupumziki, na Salma, mjukuu wa Hamadi, ambaye ukimpata akasema maneno kumi kwa siku ushukuru. Ana miaka kumi na tisa na cheti chake mwenyewe cha bunduki.

Leo shabaha ya karatasi. Salma risasi tano, nne katikati. Mimi tano, moja pembeni kabisa. Nyingine sijui zimekwenda wapi. Niliichana karatasi yangu kabla hawajafika, nikaitia mfukoni. Nikawaambia upepo. Hapakuwa na upepo.

Baadaye nikawapeleka kwenye ulingo, ule wa mbao tunaopanda kuvizia, nikawaonesha bwawa lililo chini yake. Nikawasomesha sharti. Unapofyatua, piga bismillahi. Ukimkuta mzima, mchinje. Ukimkuta keshakufa kwa risasi yako, halali. Akiangukia majini akafia humo, muache, kwani hujui kilichomuua ni risasi au ni maji. Huyo kibudu, hata awe kanona vipi. Salma aliandika kwenye kidaftari chake. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Jumatatu, 7 Novemba

Hospitali, macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia baya zaidi. Ndilo ninalolengea. Operesheni mpaka majira ya joto.

Daktari, binti mdogo mpole, kaniuliza kama nina shughuli yoyote inayotaka macho makali. Nikamjibu nasoma magazeti. Akacheka. Nami nikacheka.

Nimemdanganya mtu anayetaka kunisaidia. Nina miaka sitini na saba.

Alhamisi, 10 Novemba

Bi Zuhura, mjane wa Hamadi, kapiga simu. Arobaini ya marehemu ni Jumamosi ya wiki ijayo, hitima itasomwa ukumbini. Anataka pilau ya paa. Hamadi hakuwa akipenda nyama ya duka, kila mtu anajua. Nikamwambia, niachie mimi, shemeji. Nimelisema neno hilo haraka mno.

Ningeweza kumwambia Salma atapiga yeye. Lilinijia kabisa wazo hilo. Nikalifukuza.

Jumapili, 13 Novemba

Niandike kama ilivyokuwa, maana hapa hasomi mtu.

Yusuf nilimpeleka ulingo wa mbali. Mimi na Salma tukakaa huu wa bwawani. Baridi, ukungu. Baada ya muda Salma akanigusa mkono. Paa jike, hatua themanini, ubavu wazi. Mimi nilichokiona ni kitu cha kahawia ndani ya ukungu, na ukungu wenyewe sijui ulikuwa wa bonde au wa macho yangu. Salma alikuwa tayari, bunduki begani. Nikaishusha kwa mkono wangu. Nikamwambia huyu wa babu yako, nitampiga mimi.

Nikapiga bismillahi nikafyatua.

Nilisikia mlio wa risasi kuingia tumboni. Aliyewinda anaujua mlio huo, mzito, mbaya. Paa akaruka akakimbia. Tulisubiri, tukashuka, tukafuata damu. Damu yenyewe imechanganyika na majani ya tumboni, ya mnyama aliyepigwa vibaya. Ikatupeleka mpaka ukingo wa bwawa. Yumo majini. Kichwa chote chini ya maji. Hakuna hata povu.

Nikaingia mpaka magotini. Nikamvuta nje, nikamgeuza kibla, nikapitisha kisu shingoni. Damu haikutoka ya kutoka. Ilichuruzika kidogo ikakoma.

Salma alisimama nyuma yangu. Akasema, "Babu, it's already dead."

Nikamwambia la, alikuwa na roho, jicho limepepesa, wewe ulikuwa nyuma hukuliona. Nililisema kwa sauti ya ukali, ile ninayotumia mtu akielekeza mtutu pabaya. Akanisaidia kumburuta.

Yusuf akaja anakimbia. Akataka kujua yote. Nikamwambia risasi moja, na nikamuwahi kwa kisu. Akanipiga picha na simu yake. Katika picha nimetabasamu.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekata nyama jikoni tangu asubuhi. Mapaja mazuri. Tumbo nililitupa, lilikuwa limepasuliwa na risasi yangu. Mara mbili nimeshika simu nimpigie Bi Zuhura. Mara mbili nimeirudisha. Bado ana siku za kununua nyama nyingine. Bado kuna wakati.

Jumanne, 15 Novemba

Nyama nimeipeleka. Bi Zuhura kaniombea dua mlangoni.

Jumamosi, 19 Novemba

Hitima. Ukumbi umejaa, watu wametoka mpaka Stanmore. Juzuu zimesomwa, shekhe kaomba dua ndefu, kamtaja Hamadi kwa uzuri. Kisha kanitaja mimi. Rafiki wa kweli ni huyu, kasema, aliyekwenda porini kwa uzee wake akamletea mwenzake riziki ya halali.

Ya halali. Mbele ya watu wote. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Yusuf anazunguka na simu yake anaonesha picha. Babu anaona kuliko sisi sote, anawaambia. Mmoja akija kunipa mkono, nyuma yake mwingine.

Masinia yakaja. Bi Zuhura kanichagulia la kwangu mwenyewe, kaliweka mbele yangu kwa mikono yake. Watu wananitazama. Nikala. Niandike tena ili nisije nikajidai nimesahau: nilijua ni kibudu, nikala, nikawaacha wenzangu wale. Wazee. Watoto. Shekhe.

Salma alikuwa akigawa maji. Hakula. Nilimsikia bibi yake akimgombeza kule jikoni, mtoto gani huyu asiyekula chakula cha hitima ya babu yake, Uingereza imekutia kiburi. Salma alikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni mimi. Alilimeza.

Nilikuwa hatua tano kutoka mlango wa jikoni. Nilikaa palepale nikaendelea kula.

Jumapili, 20 Novemba

Sikwenda shambani. Nimemwambia Yusuf goti linaniuma. Kanambia Salma naye kasema hawezi.

Jumatano, 23 Novemba

Salma kaja. Kaleta biskuti, kanisalimu kwa adabu zote, kakaa na koti lake. Nikapika chai. Kisha akauliza lile sharti la maji, "That rule about the water, Babu. Ni ya sisi wanafunzi tu?"

Ningeweza kumjibu pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mtoto kanifungulia mwenyewe. Badala yake nikapandwa na hasira. Nikamwambia hana adabu, nikamwambia babu yake angekuwa hai angeona haya. Nikamwambia aende.

Akaosha kikombe chake kabla hajatoka.

Nimekaa kwenye kiti hiki tangu hapo. Mimi ndiye mtu wa kuona haya, na Hamadi angelijua hilo kabla ya mtu yeyote. Nimemtumia marehemu kumpiga mjukuu wake.

Ijumaa, 25 Novemba

Baada ya sala nimemvuta shekhe pembeni. Nimemwambia yote, mpaka la kula. Hakupaza sauti. Kasema waliokula bila kujua hawana dhambi, mzigo wote wangu. Nitubu, na niwaambie. Nikamuuliza kama toba peke yake haitoshi. Kasema, na yule binti je, atabaki na jina gani?

Hilo sikuwa nimelifikiria. Namfikiria mtoto huyu wiki mbili, na kumbe nilikuwa najifikiria mimi.

Jumamosi, 26 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Zuhura asubuhi, kabla sijapata nafasi ya kughairi. Alikuwa anakaanga vitunguu. Nilisema nimesimama, kofia mkononi. Macho yangu, risasi yangu, bwawa, kisu. Akazima jiko. Akakaa.

"Khamisi," kasema, "watu wote wale. Kwenye arobaini ya Hamadi."

Nikasema ndiyo.

"Na Salma alijua?"

Nikasema alijua. Aliniambia palepale, kabla sijafuta kisu.

Hapo ndipo alipolia. Kwa nyama hakulia. Alilia kwa maneno aliyomwambia mjukuu wake mbele ya wanawake jikoni. Kaniambia nimemfanya amuonee mtoto aliyekuwa peke yake mwenye haki katika ukumbi mzima. Nilimwomba radhi. Hakunipa. Kasema ataniambia akiwa tayari.

Nikajitolea kumpa majina ya watu awajulishe. Akakataa katakata. "Mdomo ni wako. Sema wewe."

Jumatatu, 28 Novemba

Simu tangu jana. Nimeandika majina, nakwenda jina baada ya jina. Nasema sentensi zilezile tatu, na kila mara ya tatu inanikwama: kwamba Salma aliniambia palepale keshakufa.

Mmoja kacheka, kasema mbona ilikuwa tamu. Mwingine kakata simu. Mzee wa Peckham, ambaye tulikuja naye nchi hii meli moja, kasema tu, "Haya, bwana." Hilo limeniuma kuliko tusi.

Yusuf nilimwita nyumbani. Niliona vibaya kumwambia kwa simu. Aliitoa simu yake, akaifuta ile picha mbele yangu. Hakufanya mzaha hata mmoja. Sikujua kama Yusuf anaweza.

Jumanne, 29 Novemba

Bunduki nimeirudisha duka la silaha, na polisi nimewaandikia kuwa cheti changu kifutwe. Mwenye duka kauliza kama nataka nyepesi zaidi. Nikamwambia macho yangu yameharibika. Mara ya kwanza kumwambia mtu nisiye na deni naye.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimekwenda kwao Salma kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema mawili matatu, kwamba alikuwa na haki, kwamba nilimwonea, kwamba babu yake angejivunia. Akasema, "OK, Babu." Akaangalia viatu vyake. Sijui OK hiyo ni ya kusamehe au ya kutaka niondoke. Sikuuliza. Mtoto hana deni la kunifariji.

Jumapili, 4 Desemba

Jana jioni Yusuf kapiga simu. Wanakwenda shambani, Salma kasema niulizwe kama nataka kuja kukaa tu. Salma kasema. Nilimfanya Yusuf arudie.

Nimekwenda mikono mitupu. Ajabu kutembea porini bila uzito begani, unayumba. Nilikaa ulingoni pembeni ya Salma na blanketi miguuni, mzee wa kufunikwa. Mara nikajua paa yupo, kwa sababu Salma aliacha kupumua. Mimi sikuona kitu. Miti, weupe, basi.

Akaweka bunduki begani. Akalenga. Akalenga muda mrefu. Midomo yake ilianza kutaja jina la Mungu, kisha ikasimama. Akaishusha bunduki taratibu, akarudisha kizuizi cha risasi.

Nilimuuliza kwa macho.

"Sina hakika," kasema. Kwa Kiswahili, taratibu.

Tukasikia majani yakivunjika, yule mnyama akienda zake bila haraka. Salma alimfuata kwa macho mpaka mwisho. Mimi nilifyatua bila hakika kwa kuogopa mtoto asije akajua kuwa nimezeeka. Yeye alikuwa na mimi pembeni, mwalimu wake, nikimtazama, na hakuona taabu kushusha bunduki.

Tumerudi Lewisham bila nyama. Njiani Yusuf kasimamisha gari tukanywa chai.