Bado Uko Kisimani

Dada Sara,

Umeamkaje huko Tanga? Mimi niko kijijini kwa marehemu bibi, mbele ya Mpwapwa, na mbavu zinaniuma kwa kucheka! Kijiji hiki kilianza pale ng'ombe wa mababu zetu walipogoma kuvuka korongo, na hadi leo wakazi wote wanaenea kwenye daftari moja la mwenyekiti. Nilimwambia mwenyekiti, "Shikamoo mzee. Mimi ni mgeni, mjukuu wa Bibi Matika." Mzee akapekua daftari, akaruka kitini. "Mgeni? Mbona umo humu!"

Kumbe tangu tuhame tungali wadogo, kila daftari lilipoandikwa upya, marehemu bibi alikataa tufutwe. Alisema, "Wameenda kisimani, wanarudi." Nani angebishana naye? Wakaandika hivyohivyo: kisimani. Miaka yote hiyo, dada!

Akina mama wakanitwisha ndoo papo hapo, wakanituma kisimani. Nilirudi nimelowa chapachapa, ndoo imebaki nusu, vigelegele kila nyumba. Mwenyekiti akafuta "kisimani", akaandika "karudi". Halafu ugali wa uwele na mlenda, nimekula mpaka nikalegeza mkanda.

Wanangu wape mabusu yangu. Jina lako liko chini ya langu, bado limeandikwa "kisimani". Usimfanye bibi mwongo.

Mdogo wako,
Eliza