Wifi, Ulinitembeza Matrah kwa Jina Gani?

Wifi yangu mpenzi,

Huna haya. Kutoka Alkhudh mpaka hapa Hamriya ni mwendo wa gari tu, na gari unayo, na dereva unaye, lakini Ramadhani imekuja imepita hujatia mguu. Anayeandika ni mjukuu wangu, maana mimi skuli sikwenda. Nimemwambia aandike vile vile ninavyosema, asinitilie sukari.

N'lipokuja Maskati kukaa na mwanangu, baada ya kufa kaka yako, Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanitia soko la Matrah. Ile harufu ya ubani ilinipiga puani, nikakuuliza, "Hapa kuna arusi?" Ukacheka mpaka buibui likakuporomoka. Ukanionesha ubani wa kutia kwenye maji ya kunywa na ule wa kufukiza. Ukanifunza nikitajiwa bei nigeuke niondoke, mwenyewe ataniita. Nilikuwa kama mtoto siku ya Idi.

Yule mzee muuza ubani alikuwa akikuwekea kiti na kukumiminia kahawa. Mimi nimesimama na kikapu. Nikisema moyoni, labda ndiyo desturi yao, mgeni hatangulizwi. Na mizigo nikibeba mimi, kwa raha zangu, kwa vile magoti yako mabovu.

Hata mwezi wa Shaabani nikenda peke yangu. Kiarabu sasa nnacho, kimeniingia kwa majirani. Yule mzee akaniuliza, "Bibi yako hajambo? Leo kakutuma nini?"

"Bibi yangu nani?"

"Yule unayekuja naye. Si wewe mpishi wake, aliyekutoa Zanjibar?"

Wifi, nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu. Nikakupigia simu pale pale. Ukasema, "Watu wa huku huwajui, wifi. Ningewaambia wewe ni nani?" Tangu siku hiyo umenikimbia.

Mpishi si tusi. Mama yangu aliwapikia watu na akatulea kwa jasho hilo. Lakini mikono hii ndiyo iliyokukanda kwa maji moto arubaini nzima, ulipojifungua mwanao wa kwanza kule kwetu. Ulilia shingoni mwangu, hukuuliza mimi ni nani.

Angenambia hayo mtu baki ningemrejeshea yake, nikenda zangu kupika. Wewe nimeshindwa. Nalala na hasira, naamka nakutamani. Wajukuu wananambia, "Bibi, samehe yaishe." Yataishaje, na kule sokoni mpaka leo mimi ni mtumishi wako?

Sasa sikiliza. Njoo Ijumaa baada ya alasiri. Usije kukaa kwenye kochi ukanililia. Sisi tutateremka Matrah moja kwa moja. Utasimama mbele ya yule mzee umwambie kwa Kiarabu, polepole, nisikie kila neno, kwamba huyu ni mke wa kaka yako. Na upaze sauti, duka la jirani nalo lisikie.

Wifi yako, si mwengine