Njia ya Mtoni na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nina hasira mpaka basi. Hata chai haijashuka.

Leo yalikuwa majaribio ya ile njia ya baiskeli. Njia YANGU! Unaanzia bustani ya mji, unapita nyuma ya soko, kwenye maghala ya pamba, halafu unashuka mtoni na kufuata ukingo mpaka kwenye migunga. Mimi na rafiki yangu Martha na wenzetu tunaipita kila Jumamosi tangu mwaka juzi. Tunajua wapi pana miiba, wapi mchanga unameza gurudumu. Huyu Danford kaja juzi tu kutoka Mwanza na kampuni yake ya kutembeza wageni kwa baiskeli. Akatuona, akasema njia nzuri, dada Nyanjige wewe ndiye utatuongoza. Nikafurahi. Mjinga mimi!

Bustanini tulianza vizuri. (Lile bango la "Usikanyage nyasi" bado lipo. Nyasi zenyewe ziko wapi? Mbuzi walishazimaliza.) Wageni sita, kofia ngumu, miwani, baiskeli za gia. Mimi mbele na baiskeli yangu Phoenix, suruali chini ya kitenge, nimeishona mwenyewe. Raha! Watu sokoni wanapiga vigelegele. Mpaka mtoni.

Mbele yangu — baba mkwe. Mzee Maige na ng'ombe wake, anawateremsha kunywa maji.

Sasa nifanyeje? Nimpigie kengele baba wa mume wangu? Nimpite nimekaa juu, miguu inazunguka? Thubutu! Nikabana breki, nikashuka, nikapiga magoti kando ya njia, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

Huniita mayu, mama, kama binti yake. Akauliza watoto. Akauliza mume wangu Novatus huko Geita anaendeleaje. Mkwe huwezi kumkatisha! Nyuma yangu nasikia pu! pu! — wageni wanagongana. Mama mmoja wa Dodoma akaishia kwenye kichaka cha miiba. Mwingine alidhani nimeanguka, akanijia mbio na bandeji.

Danford hakuuliza kitu. Akanisema mbele za watu. Eti nimemwaibisha, eti kiongozi wa msafara hasimami katikati ya njia kusujudu. Kusujudu! Nimesalimia!

Jumapili, 6 Julai

Padri kahubiri uvumilivu. Nimekaa ibada nzima nimekunja ngumi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wanapumzika, mimi nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia. Danford akaja kibarazani, akasimama mbele ya cherehani. Kaleta soda. Nikajua kuna jambo.

Uzinduzi ni Jumamosi hii. Wageni wengi, viongozi, kamera. Sasa nichague. Ama niwe nyuma ya msafara, nibebe maji na bandeji, mbele akae kijana wake kutoka Mwanza. Ama niongoze mimi, lakini nimwambie baba mkwe siku hiyo asilete ng'ombe mtoni mpaka msafara upite. Labda saa saba, labda saa nane.

Mimi! Nikampangie baba mkwe saa ya kunywesha ng'ombe wake! Huyu mtu kazaliwa wapi? Nimemuuliza. Mama yake ni wa Magu! Msukuma kabisa, kanyonya mila hizi hizi kama sisi. Kasema hayo mambo ni ya kizamani, utalii una ratiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye chupa ya maji kwenye baiskeli hamjui ng'ombe wa Julai. Mto ni mchanga mtupu sasa hivi, maji ni ya kuchimba. Mzee ana kisima chake pale mchangani, anakifukua kila asubuhi kwa mikono yake. Na hiyo njia nani kaitengeneza? Kwato! Sisi wa baiskeli tumeikuta.

Soda sikuinywa. Nimewapa mafundi wenzangu.

Lakini nataka kuongoza. Hapa hasomi mtu, basi niseme kweli. Nataka kukaa mbele. Nataka mji wote uone mwanamke wa Bariadi kavaa kitenge, kashika usukani, na wakubwa wanamfuata wanauliza tukate kushoto au kulia. Nikibeba bandeji safari hii, nitabeba bandeji maisha. Najua.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia Novatus. Kacheka! Kacheka mpaka akakohoa. Halafu eti hayo ni mambo yenu, ila baba asisumbuliwe.

Asante kwa msaada, mume wangu.

Alhamisi, 10 Julai

Jambo kama hili, mkwe humwendei mwenyewe. Linatumiwa mtu. Nikamtuma Martha. Ni mpole, na mzee anampenda tangu akiwa binti wa jirani. Nikampa na sukari. Nikamwambia usiseme nimeomba asije. Sema tu kuna msafara, na mimi niko mbele, na nimekwama.

Alivyochelewa! Nilishona mkono wa kulia mahali pa kushoto, nikafumua.

Amerudi anatabasamu. Kasema mzee alisikiliza yote. Halafu akauliza jambo moja tu: hiyo kazi, mama wa wajukuu zangu anaipenda? Martha akasema anaipenda sana. Mzee akasema ng'ombe hawajui Jumamosi, watakunywa saa yao ile ile. Lakini yeye siku hiyo atawageukia ng'ombe wake na njia ataipa mgongo. Nikimpa mgongo sijamwona, kasema. Na nisiyemwona hanidai salamu, wala mimi simdai. Apite zake, asishuke.

Nimelia. Mbele ya wateja. Yule mzee ambaye sijawahi hata kula naye sahani moja, ndiye kanifungulia njia. Na mwanawe kacheka!

Jioni nikamweleza Danford. Ng'ombe watakuwepo, wageni wapunguze mwendo, wajipange mmoja mmoja, wasipige kengele, watapita vizuri tu. Akajibu, sawa sawa dada, usijali.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeosha Phoenix. Nimeitia mafuta cheni. Kitenge kimepigwa pasi.

Nina furaha. Hata hasira imenihama kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

Daftari liko nyumbani. Naandika nyuma ya ratiba yao ya uzinduzi, nitaibandika baadaye. Niko mtoni, nimekaa chini kando ya baiskeli. Naandika ili mikono isifanye jambo jingine.

Bustanini yalikuwa maneno matamu. Danford kashika kipaza sauti, kaniita mama wa baiskeli Simiyu. Makofi. Kamera. Nikaondoka na msafara, Martha nyuma yangu, wakubwa nyuma ya Martha. Sokoni shangwe. Kwenye maghala shangwe. Tukateremka mtoni.

Sijui nianzie wapi. Pale ng'ombe wanapovuka njia kwenda kisimani — pamezibwa! Matawi ya miiba yamerundikwa mpaka kifuani, kwa juu wamefunga utepe mwekundu na mweupe, mzuri, kama wa harusi. Vijana wawili na fimbo wanalinda. Kumbe hiyo ndiyo sawa sawa yake! Hiyo ndiyo usijali!

Na nyuma ya miiba, ng'ombe wote. Wanalia. Maji wanayanusa, hawayafikii. Ndama mmoja ulimi uko nje.

Na baba mkwe kasimama katikati yao. Katupa mgongo.

Alishaahidi. Hawezi kugeuka kuuliza nani kafanya hivi, maana akigeuka ataniona, na akiniona nitashuka, na nikishuka kazi yangu imeharibika. Mzee wa watu anachomwa na jua, ng'ombe wake wanalia masikioni mwake, yeye ananitunzia mimi ahadi! Wamemfunga kwa heshima yake mwenyewe. Jamani, jamani!

Danford nyuma anapaza sauti, twende dada, njia nyeupe! Kweli ilikuwa nyeupe. Hakuna ng'ombe, hakuna wa kusalimia. Ningekanyaga pedali tu.

Nikashuka. Nikapiga magoti pale pale, mbele ya kamera zao.

"Mwangaluka, baba."

Akajibu bila kugeuka:

"Pita, mayu. Nilisema upite."

"Sipiti, baba."

Tangu niolewe sijawahi kumkatalia neno. Nikainuka, nikailaza Phoenix yangu katikati ya njia, kutoka ukingo mpaka kwenye miiba. Martha akailaza yake juu ya yangu, wala sikumwambia. Msafara wote ukasimama. Nikaanza kuvuta matawi. Vijana wa fimbo waliniangalia, wakaangaliana, wakasogea pembeni. Nao wana wakwe, si wana wakwe?

Yule mama wa Dodoma, wa miiba ya Jumamosi ile, kaja na glovu zake za baiskeli, akashika tawi upande wa pili. Hakuuliza kitu. Nimesahau hata kumshukuru.

Pengo limepatikana. Ng'ombe wanapita mmoja mmoja, taratibu, mbele ya wakubwa wote na kofia zao. Mmoja wa wakubwa anauliza hii nayo ni sehemu ya maonyesho? Mwingine anapiga picha. Kule kwenye migunga viti na hotuba vinasubiri. Visubiri!

Danford kaja. Kasema kazi yangu imeisha, kijana wake atashika mbele kuanzia hapa. Kasema niondoe vyuma vyangu njiani. Nimemwambia ng'ombe wakiisha. Kasema tena. Sasa anapiga simu, anasema kuna mwanamke hapa anafanya fujo. Mwanamke! Asubuhi nilikuwa mama wa baiskeli Simiyu.

Damu mikononi inachafua karatasi. Ng'ombe nusu bado hawajapita, ndama yule ndiyo kwanza anaingia kwenye pengo. Siiondoi baiskeli. Kuongoza nimekosa, najua, na inaniuma, sitajidanganya. Lakini siiondoi.

Danford kaweka simu mfukoni. Kainama, anaishika Phoenix yangu usukani, anaivuta.

Na baba mkwe kageuka.