Daftari la Waliotoa kwa Ajili ya Marehemu Wao

Jumatatu, 7 Machi 1938

Barua imefika. Chumba cha nyaraka cha Wayahudi wa Kokand kinafungwa. Sentensi mbili, muhuri, sahihi isiyosomeka. Miaka kumi na moja ya maisha yangu – sentensi mbili! Karatasi zote zinakwenda Tashkent. Mkaguzi anakuja Kokand kuzipokea.

Nimekaa katikati ya makasha nikala mkate mkavu, basi. Sikulia. Tangu polisi wa siri wamchukue kaka yangu Abo mwezi wa Novemba, machozi yamenikauka. Kosa la Abo ni barua moja ya mjomba kutoka Yerusalemu, aliyoificha chini ya nguo, ya kuuliza hali ya mama. Jasusi, wakasema. Abo, ambaye hawezi kumficha mkewe hata kikombe kilichovunjika!

Jioni nimefuta vumbi kwenye amri ya khani, mfalme wa zamani wa hapa, ile iliyowakataza babu zetu kupanda farasi mjini na kuwataka wajifunge kamba kiunoni badala ya mshipi. Hiyo wataipenda. Dhuluma za zamani zina ruhusa. Kasha la wafanyabiashara ndilo sijui watalisema vipi – mikataba ya pamba, barua za Moscow, picha za mabwana wenye saa za mnyororo.

Jumatano, 9 Machi

Mkaguzi ni Ndugu Zalkin. Myahudi mwenzetu, ila wa kule magharibi, Gomel. Lugha yetu hajui hata neno, tunaongea Kirusi. Mpole. Kavua kofia mlangoni, kanywa bakuli tatu za chai, kaisifu amri ya khani (si nilisema!), kaangalia majina ya waliolazimishwa kubadili dini enzi hizo, akatikisa kichwa. Nadhani alihuzunika kweli.

Kisha akaomba daftari la watoaji.

Hapa kwetu mtu hatoi kitu kimyakimya. Akileta hati ya duka au barua ya zamani, haileti kwa serikali, wala kwa sayansi. Anamletea marehemu wake. Andika, anakuambia: ametoa fulani binti fulani, wa mtaa fulani, kwa ajili ya roho ya fulani. Usipoandika anabeba kitu chake na kwenda zake. Basi nikaandika. Wote. Na kama ni barua ya Yerusalemu, nani aliyeko huko aliyeituma, na ilifika mwaka gani. Kwa mwandiko wangu bora, mistari kwa rula!

Herufi zetu na zao ni zilezile za Kiebrania, kwa hiyo majina anayasoma. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, taratibu.

"Ndugu Mazol, kazi safi sana. Kila mtu na mtaa wake. Kote nilikopita sijaona daftari kama hili."

Na mimi – Mungu anisamehe – nilifurahi. Nilisema ahsante! Nimefika kona ya bucha ya Natanel ndipo nikaanza kuhesabu. Barua za Yerusalemu zimo mia na zaidi. Abo alikuwa na moja.

Anataka nakala kwa Kirusi, kwa mkono wangu, Jumatano ijayo. Yeye anakwenda Fergana kwanza. Daftari kaniachia. Ananiamini, kasema.

Alhamisi, 10 Machi

Mume wangu Rafael anasema nilichome daftari. Nikamwambia, yule mtu ameshalishika mkononi. Basi lipotee, anasema. Nitapotea nalo, nikamjibu. Akachukua kofia, akaenda kiwandani. Mtu mwema.

Jumapili, 13 Machi

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Wazo langu: waje wachukue vitu vyao, makasha yapungue, na daftari lipungue nayo. Wazi siwezi kusema, sijui nani anapeleka maneno. Kwa hiyo mafumbo. Chumba kinavuja, panya wamezidi, mnaonaje mkihifadhi wenyewe?

Natanel wa bucha alielewa kabla sijamaliza. Akafunga mlango, akaomba nimfute yeye, lakini mwenye bucha ya pili nimwache. Akasema anatania. Hakuwa anatania. Binti wa Bibi Istam naye kaelewa, akanisukumia kuku mzima kafungwa miguu ili nimfute mama yake. Nikamrudishia kuku. Akaniita mnafiki.

Lakini wazee! Mzee Borukh, mtia rangi, mikono yake hadi leo ina buluu ya nili ingawa karakana yake ilifungwa siku nyingi. Alitoa barua za mdogo wake wa Yerusalemu kwa ajili ya baba yao. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikuna ndevu.

"Nilimpa baba yangu kitu, leo nikamnyang'anye?"

Nikamwambia si kunyang'anya, mzee wangu, ni kuhifadhi tu. Akacheka. Akasema ananijua tangu natambaa, anaona naogopa. Kumbe Zalkin alikaa nao kwenye mgahawa wa chai kabla ya kuondoka, mwalimu mmoja mstaafu akitafsiri! Kawaahidi kuwa Tashkent kutakuwa na maonyesho, na jina la kila mtoaji litaandikwa ukutani, na la marehemu wake chini yake. Kijana mzuri, anasema Mzee Borukh, kijana wa Kiyahudi mwenye adabu.

Nikasema, na Abo je?

"Abo alificha. Sisi tumetoa mchana kweupe, mbele ya watu. Atushike kwa lipi?"

Niliaga. Hawa ni watu waliokulia chini ya khani. Khani alitaka kamba kiunoni, wakafunga kamba, akawaacha. Wanadhani mambo ni yaleyale.

Nyumbani vilevile. Mama mkwe wangu alitoa barua za mwanawe mkubwa, Hizkiya, aliyeko Yerusalemu mwaka wa kumi na saba huu, kwa ajili ya roho ya mumewe. Nikamwambia kwenye nakala yeye nitamruka. Akaacha kuchambua mchele.

"Ukimtoa baba mkwe wako kwenye daftari, usiniite mama tena."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikakaa nikachambua naye mchele.

Jumanne, 15 Machi

Nimepata! Kwenye nakala, mahali pa mtoaji naandika jina la marehemu peke yake. Aliyetoa: baba yake Borukh. Aliyetoa: mume wa Istam. Mtaa, naacha wazi. Barua za nje, zilikotoka hakujulikani. Wafu watupu, kurasa nzima! Nani atamkamata mfu? Nilicheka peke yangu mpaka Rafael akanigusa paji la uso.

Daftari lenyewe nimelitia kwenye tanuri la mkate. Kila mstari ulikuwa na dua ya marehemu, na karatasi ya namna hiyo huzikwa makaburini pamoja na vitabu vilivyochakaa, haichomwi. Najua. Sikuwa na muda wa kuzika. Jalada la ngozi lilikataa kushika moto, likawa linajikunja na kunuka. Rafael alisimama mlangoni, kanipa mgongo.

Nitasema mvua imeliharibu. Ili iaminike, nimemwagia maji kasha zima la mikataba ya pamba. Mimi. Kwa ndoo. Wino wa miaka sitini ulitiririka mpaka kizingitini, nikaukanyaga nikitafuta tambara. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumatano, 16 Machi

Zalkin kasoma nakala yote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Akauliza daftari. Nikasema paa, mvua. Akatazama paa. Akatazama sakafu.

"Wote hawa wamekufa?"

"Wote, Ndugu Mkaguzi."

"Na walikuja hapa wenyewe na vitu vyao?"

Niliinama nikaokota mikataba iliyolowa. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitia baridi. Akasema haidhuru, yupo mjini siku mbili zaidi, huenda wapo wazee wanaokumbuka nani alitoa nini. Akaomba meza na viti viwekwe uani, penye jua. Nimevipeleka mwenyewe.

Mtaani habari imeshaenea kuwa nimewafuta watu. Binti wa Istam, nani mwingine! Nimepishana na Mzee Borukh kwenye kichochoro, nikamwamkia, hakuitikia. Hilo halijanitokea tangu nizaliwe.

Alhamisi, 17 Machi

Sikukuu ya Esta. Asubuhi, saa tatu. Naandikia dirishani, chumba cha nyaraka.

Zalkin yuko uani kwenye meza yake, na daftari jipya. Wa kwanza alikuwa Mzee Borukh, kanzu ya hariri ya sikukuu, fimbo mkononi. Nilitoka mbio. Nilimshika mkono mbele ya kila mtu na kusema yote, mafumbo basi! Mzee, watakuchukua. Watakuchukua kama walivyomchukua Abo. Zalkin aliinua macho tu, akaniambia kwa upole nirudi ndani nipumzike, nimechoka na kazi. Mzee Borukh akabandua vidole vyangu kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wake.

"Ulimfuta baba yangu. Nimekuja kumrudisha."

Foleni sasa imefika getini. Wazee watupu, wamevaa vizuri. Wanapishana kwa heshima, tafadhali wewe kwanza, hapana wewe. Istam kaja na sahani ya halua na anamkaribisha Zalkin, na Zalkin anakula. Kila mmoja anataja jina lake, la baba yake, mtaa, marehemu, na aliyeko Yerusalemu. Zalkin anawauliza tena pale anapotilia shaka, asije akakosea.

Ng'ambo ya barabara wamesimama vijana wao, Natanel wa bucha akiwamo, na binti wa Istam. Wao wanaelewa. Hawaingii kuwatoa wazazi wao, wasije wakaonekana. Nisiwalaumu, mimi mwenyewe nimejifungia ndani.

Mama mkwe ni wa nne. Sasa wa tatu. Kaaga nyumbani kuwa anapeleka vitafunio vya sikukuu kwa jirani! Kajitanda kitambaa chenye nyuzi za dhahabu. Nimegonga kioo. Ameniona, kageuka upande.

Amefika mezani. Zalkin kasimama kumpa kiti. Wanaongea, yule mwalimu mstaafu anatafsiri. Naona anahesabu kwa vidole, bila shaka barua za Hizkiya.

Sasa anageuka. Ananionyesha kwa kidole, hapa dirishani, na anatabasamu, hasira zimemwisha. Anamwambia kwa sauti, nasikia mpaka hapa, kuwa mimi ni mkwe wake, mke wa Rafael, na huyo wa Yerusalemu ni shemeji yangu. Zalkin ananitazama. Anachovya kalamu