Bamba la Chini ya Gari, na Kiti cha Mbele cha Dada

Jumatano, Quitunda. Jua limewaka tangu asubuhi, nguo zimekauka kambani kabla sijamaliza kufua. Moyo wangu mweupe.

Kwanza salamu. Dada yangu Mwanaisha wa Mtwara, najua mjukuu wako Salma hukusomea haya ninayoandika mtandaoni. Basi shikamoo. Hujambo wewe, na magoti yako je? Shemeji Bakari hajambo, kile kifua kimepoa? Rukia hajambo, na mumewe, na pacha wao, wameanza kutembea? Mama mkwe wako naye msalimie sana. Na wewe Salma unayesoma, hujambo mwanangu, soma polepole, usiruke. Sisi huku wazima. Baba Momade mzima. Momade mzima, ila tangu harusi yake ikaribie chakula anakigusa tu. Mimi mzima, na wasiwasi wangu ule ule.

Leo tumefunga bamba chini ya gari!

Wengine mnaosoma hamjui, niwaeleze. Gari letu ni pikapu ya zamani. Siku ya kupeleka posa kwa kina Atija, mchumba wa Momade, kule bara, tuligonga kisiki. Sampo ikapasuka, lile bakuli la mafuta chini ya injini, mafuta yote yakamwagika mchangani. Tukafika ukweni kwa miguu, sinia za vitumbua kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Viatu vipya vya dada vikafia njiani. Akaapa hapandi tena gari lile, hata kwenda kumchukua bibi harusi.

Na bibi harusi hatumchukui bila yeye. Momade alinyonya kwa dada nilipokuwa naumwa. Ni mama yake kabisa.

Basi jana mimi na mume wangu tulikwenda Palma kutafuta bamba la kuikinga sampo. Kabla ya kuondoka nilitandika mkeka mkuukuu, nikaingia chini ya gari. Mgongo wa Baba Momade haumruhusu. Nikapima kwa ukili, ule utepe wa majani ya kusukia, kama ninavyopima mkeka: fundo hapa kwenye tundu la skrubu, fundo pale, mpaka manne yakatimia. Nikauficha kwenye pindo la kanga. Niliona haya. Mimi wa darasa la tatu, nikawafundishe wenye maduka?

Baba Momade akapenda bamba nene kuliko yote. Akaligonga kwa ngumi. "Hili likikutana na jiwe, jiwe ndilo litakalolia."

Tulilinyanyua watu wawili. Nikamwambia, "Gari lenyewe pua imeshainama kwa uzee. Ukilivika hili si litalima barabara?"

Mwenye duka akatoa jingine, jepesi, linang'aa kama sufuria mpya. Akasema hilo linaingia gari lolote. Mume wangu ameshaanza kuitikia kwa kichwa, mkono wangu wenyewe ukatoa ukili.

"Mama, gari hupimwa kwa ukili?" akauliza mwenye duka. Duka zima likacheka.

"Mikeka yangu yote imepimwa hivi, na hakuna aliyelala miguu nje."

Nikauweka juu ya bamba. Mafundo mawili yakakaa kwenye matundu, mawili yakaangukia kwenye bati tupu. Yeye anashikilia linaingia. Akalichukua mwenyewe mpaka kwenye gari, akalala chini na shati lake jeupe. Akatoka anajipangusa, akalirudisha ndani.

Tulilolichukua lilikuwa mlangoni, limeegemezwa kwenye tairi. Chuma cha wastani, limetolewa kwenye gari kama letu. Mafundo manne, matundu manne. Kutu kidogo tu. Leo fundi Saide amelipiga rangi kwa ajili ya chumvi ya huku kwetu, na amelitoboa tundu la upana wa kikombe cha kahawa. Mimi ndiye niliyemwuliza, "Siku ya kubadili oili itatokea wapi? Na mchanga ukiingia?" Akaniita fundi mwenzake. Nimetembea na neno hilo siku nzima.

Kisha tukaenda kwenye kisiki kile kile.

Nilisoma dua zote ninazozijua. Ngo! Gari likaruka, likapita. Nikaingia chini na mkeka wangu, nikapapasa sampo kwa kidole. Kikavu! Nikapiga kigelegele nikiwa huko huko chini. Wanawake waliokuwa wanapalilia mihogo wakadhani kuna aliyejifungua, wakaitikia kwa vigelegele vyao, mmoja akaja mbio kuuliza ni mtoto gani.

Dada, kuna jambo sijakwambia. Siku ile ya posa, mimi ndiye niliyemwambia Baba Momade akate njia ya mashambani. Tulikuwa tumechelewa, na tulichelewa kwa sababu nilipiga pasi kanga yangu mara mbili. Ulimgombeza yeye njia nzima, naye akanyamaza, nami nikanyamaza pia. Hasira zile zilinistahili mimi. Nisamehe.

Safari ni Ijumaa ya wiki ijayo, asubuhi, kwa njia kuu, na kanga nitaipiga pasi mara moja tu. Kiti cha mbele nimekiwekea mto kwa ajili ya magoti yako. Lete jibu upesi, dada yangu, Salma aandike hata neno moja hapo chini. Usichelewe, wifi yangu ameshakikalia mara mbili anasema anakijaribu.