Hodi ku Mulango ya Kartoni

Élisabethville, Julai 1954

Yaya Constance, dada yangu,

Huku tuko bazima. Baridi iko kali, na kitambaa yako ilifika muzuri.

Kucheza mulevi mu teatre ya misioni, niliacha. Tangu usiku ule kaka yetu Léonard alipopiga hodi amelewa, sikumufungulia, akakufa inje ya mulango yangu, sikuweza tena. Sasa Clovis, fundi wa nguo wa hapa Kamalondo, ndiye anacheza ule mulevi. Nilimufundisha namna ya kutembea: mukono ku ukuta, muguu ya kuume inachelewa. Sikumwambia ni namna ya Léonard.

Siku ya Mungu, kisha misa, bantu bote ku teatre balicheka. Clovis akapiga hodi ku mulango ya kartoni: «Fungula, ni miye!»

Mara hii nilisimama mu katikati ya bantu, nikaenda kufungua.

Salimia batoto.

Ni miye, ndugu yako,
Alexis